Akinifunga Huyu, Mke Wangu Kaachika

Hichi ninachokupa hapa ukimaliza kukisoma utarudi juu uanze tena, maana hutaamini. Mwenyewe nilivyohadithiwa mara ya kwanza nikasema watu wa Wete washaanza maneno yao. Kisha nikaiona video. Basi chomeka simu chaji, kaa mkao mzuri, nikupe.

"Rejesha nyuma nisikie," Zulekha akasema.

"Hairudi, ni laivu," Mwatum akamjibu.

"Kasema nini?"

"Sijamsikia vizuri."

Uwongo. Alimsikia, na Zulekha alimsikia. Walikuwa uani kwa mamake Zulekha, huko Msuka, kila mmoja na kofia yake mapajani wanashona, simu ya Mwatum wameiegemeza kwenye kopo la nyuzi. Zulekha alikuja kumuuguza mamake, Bi Mwanawema, aliyeteleza kisimani akavunjika mguu. Mwatum ni wifi yake, dada wa mumewe, na ni shoga yake tangu skuli. Alikuja kumtazama mgonjwa, akakuta fainali ya bao inarushwa, basi wakakaa waangalie.

Kwenye kioo ilikuwa baraza moja ya Wete, watu wamejaa mpaka juu ya kuta. Katikati bao. Upande huu Nassor, mume wa Zulekha, seremala. Upande ule Usama wa Wingwi, mchuuzi wa ng'ombe. Na hapa nataka unielewe: Pemba hii wacheza bao ni wengi, lakini mafundi ni hao wawili. Wengine wote wanasukuma kete tu. Wakikutana hao, maduka yanafungwa.

Kila mmoja kashinda bao moja. Limebaki la tatu, la kumaliza.

Sasa yaliyotokea ni haya. Usama alikuwa akigawa kete shimo kwa shimo, taratibu, huku anamchokoza mwenziwe kama kawaida ya barazani.

"Cheza yakhe. Wafikiri mno. Hata kuoa hukufikiri hivo."

Watu wakacheka. Nassor hakuinua uso.

"Miye nilipeleka posa nikapewa mke," akasema. "Kuna waliopeleka wakarejeshewa, hata chai hawakupewa."

Hapo baraza ikalipuka, maana kila mtu alijua. Kabla ya Nassor, Usama ndiye aliyeleta posa kwa Zulekha. Ikarudi.

Usama akatabasamu kidogo. Akamaliza kete zake. Halafu akasema:

"Ulipewa, ukatunza? Ushamwacha mara mbili, watu wahesabu. Ukifungwa bao kuno, wenda kumalizia hasira kule. Leo nikikufunga sijui utamfanyaje."

Hakuna aliyecheka. Nassor akaweka mikono yake magotini. Shingo imemsimama mishipa.

"Wataka kujua ntamfanyaje? Haya, sikilizeni nyote mliokaa hapa. Huyu akinifunga fainali hii, Zulekha binti Bakar kaachika. Nishasema."

Mtu mmoja akasikika, "Astaghafirullah, Nassor." Na Wasim, yule kijana wa duka la simu ambaye ndiye aliyekuwa anarusha, akasema kwa sauti ya chini kama yuko msikitini: "Jamaa, mmesikia. Shea, shea."

Kule Msuka, sindano ya Zulekha ilikuwa imesimama katikati ya kofia.

"Hakukusudia," Mwatum akasema. "Kakangu wamjua mdomo wake."

"Ya tatu hii, Mwatum."

"Najua."

"Akifungwa ni ya tatu."

Weye unayesoma wajua ya tatu maana yake nini. Hakuna kurejeana. Hakuna kuja na wazee na halua kuomba radhi. Mpaka mke aolewe na mume mwengine, akae naye, waachane kwa mambo yao wenyewe, ndipo azungumze tena na wa kwanza. Talaka ya kwanza Nassor aliitoa kwa ugomvi wa kijinga, mteja kamrudishia mlango. Ya pili mwaka jana, siku aliyofungwa na huyuhuyu Usama. Zote mbili zilimtoka mdomoni kabla hazijafika moyoni, na zote mbili alikuja kabla ya eda kwisha, analia, akamrejea.

Na Zulekha akarudi. Usiniulize kwa nini. Nassor ni mtu ambaye aliona mkewe anaumwa mgongo kwa kushona kofia, akampima kama anavyopima mlango, akamchongea kibao cha kukalia. Mtu huyohuyo ndiye aliyesema maneno yale mbele ya umma. Ukiweza kuyaweka mambo hayo mawili kwenye kichwa kimoja, nambie umefanyaje.

Zulekha akachukua simu yake, akampigia mumewe. Kwenye laivu wakamwona Nassor anashtuka, anatia mkono mfukoni, anatazama, anazima sauti, anairudisha.

"Kaniona," Zulekha akasema. "Kaliona jina langu."

Akamwandikia: "Nassor nimekusikia. Yafute maneno hayo tafadhali."

Tiki mbili. Za kijivu.

Akaandika tena: "Mume wangu nakuomba."

Za kijivu.

Chini ya video maoni yanashuka kama mvua. "Usama mfunge huyo." "Zulekha anza kupanga eda." "Kuna mtu ana namba ya huyo dada?" Watu wanaweka vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Elfu na zaidi walikuwa wanaangalia, na hakuna hata mmoja aliyejua kama mwenye ndoa naye yumo humo anaangalia.

Mwatum akampigia Shehe Jecha, anayewasomesha chuo cha Kurani, akaweka spika.

"Shehe, shikamoo. Mtu akisema akifungwa bao mkewe kaachika, halafu akajuta, akalifuta neno?"

"Ni Nassor?" shehe akauliza.

"Ni yeye shehe."

"Nimeletewa tayari, watu washanitumia. Mwanangu, neno lishatoka na sharti lake. Sharti likitimia, talaka imeanguka. Lisipotimia, ndoa iko palepale. Sina cha kumfutia."

"Akiacha kucheza je, shehe?"

"Asipofungwa hakuna kitu. Ila hayo ya kuacha kucheza waulize wenye bao lao. Zulekha yupo hapo?"

"Nipo shehe."

"Muombee mumeo ashinde, mwanangu."

Simu ikakatika. Zulekha akamgeukia wifi yake.

"Basi anyanyuke. Aseme tumbo lamuuma. Anyanyuke aende zake."

Mwatum akatikisa kichwa. Yeye kakulia kwenye nyumba ya bao, baba bao, kaka bao.

"Fainali hainyanyukiwi. Mtu akinyanyuka wapanga kete upya, wacheza tena, hata iwe wiki ijayo. Na neno lake liko palepale, lamsubiri. Si kwa yeye tu. Hata Usama akinyanyuka ni hivohivo."

"Kwa hivo mpaka mmoja afungwe."

"Mpaka mmoja afungwe."

"Zulekha," sauti ya Bi Mwanawema ikatoka ndani, "mbona kimya huko?"

"Twahesabu viua vya kofia, mama."

"Msikosee."

"Hatukosei, mama."

Wakarudi kwenye simu. Wasim anatangaza kwa kunong'ona: "Usama kaivunja nyumba ya Nassor, jamaa, kaivunja." Nyumba ndilo lile shimo kubwa unalolimbikizia kete zako, ndiyo roho yako. Ikivunjwa, unaanza kupumua kwa taabu.

"Anashinda nani?" Zulekha akauliza.

Mwatum akaivuta simu karibu.

"Mwatum, weye ndo wajua bao. Anashinda nani?"

"Usama."

"Sana?"

"Akicheza kama hivi, hafiki mbali kakangu."

Zulekha akaangalia kioo. Akaangalia ile mikono miwili inayokwenda na kurudi juu ya ubao. Mkono wa mumewe ulikuwa unatetemeka. Mkono wa Usama hautetemeki. Maisha yake yote yalikuwa kwenye vile vikomwe, kete zenyewe za bao, na yeye yuko Msuka, barabara yenyewe mashimo, hata angepata gari saa ileile angefika watu washatawanyika. Na angefika, angefanya nini? Avunje baraza ya wanaume aseme nini?

"Nipe namba ya Usama."

"Weye."

"Nipe namba ya Usama, Mwatum. Mumeo hununua kwake ng'ombe wa Idd, namba unayo."

"Kakangu akijua?"

"Kakako leo ana neno gani la kumwambia mtu?"

Mwatum akatafuta namba. Akaisoma tarakimu moja moja kama anayekula kiapo. Zulekha akapiga kwa simu yake. Iliita, na kitambo kidogo baadaye, maana laivu inachelewa, wakamwona Usama anatoa simu, anaangalia namba asiyoijua. Akapokea.

"Haloo."

"Usama. Miye Zulekha."

Kwenye kioo uso wake ulibadilika, akainamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Nakusikia."

"Muachie."

"Nimuachie nini?"

"Bao. Muachie ashinde. Nakuomba kwa Mungu."

"Wajua waniomba nini?" Alikuwa anasema polepole sana. "Nyuma yangu hapa imekuja Wingwi nzima."

"Ni ya tatu, Usama."

"Najua ni ya tatu. Pemba nzima yajua. Ukiachika, wajua miye nipo. Sijaoa."

"Usiseme hivo."

"Basi nambie kitu kimoja, ukweli. Ile posa yangu. Alikataa marehemu babako, au ulikataa weye?"

Mwatum akageuza uso, kama mtu asiyesikia, na spika iko wazi. Kwa sababu ukweli yeye anaujua. Wakati ule Zulekha alikuwa amekubali. Alikuwa amekubali na amechagua na kanga ya kuvaa. Babake ndiye aliyekataa, kwa maneno ya mpaka wa shamba na ukoo wa kina Usama ambayo hata hayamhusu msichana. Zulekha alilia mwezi, kisha akaja Nassor, kisha taratibu akampenda Nassor.

"Nilikataa miye," Zulekha akasema.

Kwenye spika zikasikika kelele za baraza.

"Nilikataa miye mwenyewe, Usama. Hata nikiachika leo, jibu ni hilohilo."

"Haya," akasema. "Nimesikia."

Akakata. Kwenye kioo bado alikuwa ameshika simu sikioni. Kisha wakamwona anaishusha.

"Nani huyo?" Nassor akamuuliza.

"Mtu wa ng'ombe. Cheza."

Na hapo ndipo ninapotaka utulie.

Usama akacheza. Kete moja, mbili, tatu, akaishia pahala ambapo hata mie nisiyejua bao nikaona hapa pana kosa. Wasim akasema, "Ah, Usama kateleza." Zamu iliyofuata akateleza tena. Ya tatu akamfungulia Nassor mstari mzima ale. Watu wa Wingwi wakaanza kuguna.

"Kamuachia," Mwatum akasema. Machozi yakamtoka hapohapo. "Zulekha, kamuachia kweli."

Zulekha akainamia kioo. "Kakako kang'amua?"

Hilo ndilo alilolisahau Zulekha alipompigia Usama. Nassor ni fundi. Unaweza kumdanganya fundi kwa maneno, lakini juu ya ubao humdanganyi. Alikula ile ya kwanza. Akala ya pili. Kisha mkono wake ukasimama hewani.

"Wafanya nini?" akamuuliza Usama.

"Nacheza."

"Huku ndo kucheza? Mtoto wa chuoni hachezi hivi. Nani aliyekupigia?"

"Nishakwambia."

Nassor akamtazama. Akatoa simu yake mfukoni, akaifungua. Kule Msuka zile tiki mbili zikageuka buluu, na simu ya Zulekha ikaanza kuita.

Mwatum akasema, "Usipokee."

Akapokea.

"Umempigia Usama?" Nassor alikuwa amewapa watu mgongo.

"Nimekupigia weye kwanza. Hukupokea."

"Umempigia Usama?"

"Nimempigia."

"Ukamwambia nini?"

"Nimemuomba akuachie. Nassor, usikate, nisikilize."

"Una namba yake."

"Ni Mwatum aliyenipa sasa hivi, mumewe ananunua ng'ombe kwake."

"Una namba yake, Zulekha."

"Nassor, mie nataka nibaki kwako, ndo maana—"

Ikakatika. Akapiga tena, imezimwa.

Kwenye kioo Nassor akageuka, akakaa vizuri, akakunja mikono ya kanzu. Alikuwa katulia. Na Mwatum, aliyemjua kakake tangu anatambaa, akasema, "Sipendi anavyotulia."

Nassor akacheza. Wasim akafungua mdomo kutangaza, akaufunga. Maana Nassor alikuwa ana njia mbili, ya kumla Usama kete nyingi na ya kumla moja. Akala moja, akaacha mlango wazi nyuma yake.

"Nassor, umeikosa ile," mtu akamwambia.

"Nishacheza."

Usama akaangalia ubao muda mrefu. Akachagua njia mbovu kuliko zote. Nassor akachagua mbovu kuliko ya Usama. Baraza nzima ikaanza kutazamana. Wazee waliokaa mbele wakavua miwani, wakaifuta, wakaivaa.

Umewahi kuona? Mafundi wawili, hakuna mwengine wa kuwafikia, wamekaa kwenye fainali, na kila mmoja anatumia akili yake yote, ufundi wake wote, kutafuta njia ya kufungwa. Usama anataka kufungwa ili mke wa mtu abaki na mumewe. Na Nassor anataka kufungwa ili mkewe aachike. Kumwacha kwa mdomo wake hapohapo hawezi, ataonekana mwanamume wa wivu mbele ya umma. Lakini akifungwa, ni bao. Ni bahati mbaya. Atatikisa kichwa aseme imeandikwa.

"Kafanya kusudi," Zulekha akasema. Hakuwa anauliza. "Mwatum, anajifungisha."

"Ana kichaa. Kakangu leo ana kichaa."

Simu ikanasa sauti, Wasim alikuwa karibu mno. Usama kaegemea mbele, anasema kwa chini:

"Nassor, usifanye hivi. Kanambia mwenyewe kwamba alinikataa. Kwa kinywa chake."

"Si ulimtaka? Mchukue."

Hayo maneno, msomaji wangu, yalifika Msuka wazi kama mtu kasema mlangoni. Mchukue. Kama kiti. Zulekha hakulia. Alikunja kofia aliyokuwa anashona, akaiweka pembeni, akawa anatazama kioo mikono mitupu.

Sasa bao lina sheria moja. Ukiwa na cha kula, lazima ule. Huwezi kujifanya hukukiona, huwezi kupita. Waweza kuchagua ule wapi kama pako pengi, lakini kama pamebaki mahali pamoja tu, mkono wako si wako tena. Na hao wawili walivyokuwa wanashindana kuharibu, ubao ukawa unapungua njia. Kete za Usama mstari wa mbele zikabaki kwenye shimo moja, na mstari huo ukibaki mtupu mwenyewe kafungwa. Akacheza ya mwisho aliyokuwa nayo, akainua macho.

Nassor akautazama ubao. Akatazama tena. Akahesabu kwa kidole bila kugusa, kutoka kushoto, kisha kutoka kulia.

Msimamizi, mzee mmoja mfupi mwenye kofia imechakaa, akamwambia, "Kula, Nassor."

"Sina cha kula."

"Kipo hapo."

"Sikioni."

"Sote twakiona, mwanangu. Kula."

Mkono wa Nassor ulishuka shimoni kama mkono wa mtu anayetolewa meno. Akachota. Akagawa, moja, moja, moja. Ya mwisho ikaangukia palepale alipokuwa hapataki. Akazila zile za Usama. Mstari wa mbele wa Usama ukabaki mtupu.

Nassor kashinda.

Baraza ikanyanyuka. Watu wakambeba juujuu, Wasim anapiga kelele bingwa, bingwa, kamera inayumba, na ile sura ya bingwa ikapita kwenye kioo mara moja. Nimeisimamisha video hapo mara nyingi. Ni sura ya mtu aliyefiwa.

"Alhamdulillah," Mwatum akasema, anamshika Zulekha mabega. "Ndoa ipo. Wifi yangu, ndoa ipo, hukuachika."

Zulekha akasema, "Zima."

Jioni ikaja meseji kutoka namba aliyopewa na Mwatum: "Nilifanya nilivyoweza. Samahani kwa niliyoyaanza." Akaisoma, akaifuta, na namba akaifuta.

Asubuhi, gari ya mizigo ikasimama nje. Nassor akashuka na zawadi ya ubingwa, beberu mkubwa mweupe, anamvuta kwa kamba. Akapiga hodi. Mwatum, aliyelala hapohapo, akatoka, akamtazama kakake juu mpaka chini, akapita bila salamu akenda kisimani. Zulekha akaja mpaka nyuma ya mlango. Hakuufungua.

"Asalaam alaykum, mke wangu."

"Waalaykum salaam."

"Nimekuja kumtazama mama. Nimemletea mbuzi wa supu, mguu upone."

"Mfunge hapo kwenye mti wa mkungumanga. Ntamwambia mama umekuja."

Beberu akalia. Nassor akamvuta.

"Zulekha, nisamehe. Nilikasirishwa, yule alinisema mbele za watu. Lakini si nimeshinda? Neno halikuanguka. Mungu hakutaka."

"Mungu hakutaka. Weye ulitaka?"

"Nini?"

"Nakuuliza. Ungepata shimo moja jengine la kukwepea, pale mwisho, ungekula?"

Zulekha alimsikia anapumua upande wa pili, na hivi ndivyo anavyomjua mumewe: ana kila kasoro, lakini akiulizwa hivyo hawezi kudanganya.

"Nilikuwa na hasira."

"Sikukuuliza hasira."

"Nisingekula," akasema.

"Haya."

"Lakini Zulekha, weye ulimpigia. Mbele ya watu wote mke wangu anampigia yule. Ungekuwa weye ungefanyaje? Na kasema eti ulimwambia ulimkataa mwenyewe. Ni kweli?"

"Uwongo."

Kamba ikamtoka mkononi, beberu akaanza kutembea zake.

"Babangu ndo aliyemkataa," Zulekha akasema. "Miye nilikuwa nimemridhia. Jana nilimdanganya mtu, nikamuumiza, ili nibaki kwako. Na nilikuwa namdanganya huku nakuangalia mkono wako kwenye simu unavyotetemeka, nakuonea huruma."

"Fungua mlango."

"Sikiliza. Mara mbili ulisema kwa mdomo wako, nikarudi. Jana ukataka komwe ziseme badala yako, zikakataa. Sasa mie nakwambia, hiyo ya tatu nipe. Hapa hapa. Hakuna baraza, hakuna Wasim. Sema."

"Siwezi."

"Jana uliweza."

"Siwezi, Zulekha. Neno hilo silitoi tena maisha yangu. Nakuapia."

"Usiniapie. Usiape tena hata kwa maji ya kunywa."

Akakaa chini barazani, bingwa wa Pemba, akaweka kichwa kwenye mlango. Alilia waziwazi, watu wanapita wanaenda pwani na shamba, wanamwona. Bi Mwanawema kutoka kitandani akauliza, "Ni Nassor huyo?" Zulekha akajibu, "Ni yeye, mama." Na mama akasema, "Ndoa ni yako, mwanangu. Miye mguu wangu ndo uliovunjika, akili ninayo. Sikuambii kitu."

Nassor aliondoka adhuhuri. Akarudi Ijumaa. Akarudi Ijumaa nyengine. Kila Ijumaa baada ya sala anakuja, anaketi pale nje, anauliza hali ya mama, anaondoka. Bao kaliacha, hilo nimelihakikisha, baraza ya Wete sasa wanacheza wale wa kusukuma tu. Usama naye hajaonekana barazani. Mwatum kamwambia wifi yake waziwazi, ingawa ni kakake, aende kwa Kadhi akajikomboe, arudishe mahari ndoa ivunjwe. Zulekha anasema atakwenda. Juzi alivaa mpaka buibui, akafika njiani akarudi.

Ndoa anayo, aliyoiokoa kwa mikono yake, na mume ambaye ilibidi sheria ya bao imlazimishe asimwache. Nassor hataki kumwacha sasa. Zulekha hawezi kumrudia, na kumtoa moyoni hawezi pia.

Ijumaa hii alikuja tena. Zulekha aliufikia mlango, akashika komeo, akalivuta nusu. Akasimama hapo na mkono kwenye komeo mpaka akamsikia Nassor anavaa makubadhi yake na kuondoka.

Mie nimeshindwa kumpa shauri. Nambie weye, na usinijibu harakaharaka: ungekuwa Zulekha, mkono uko kwenye komeo, na unamsikia anapumua nje, ungelivuta lote, au ungelirudisha?